Jiwe la Nne

Baba,

Leo ni wiki ya tatu tangu tukuzike na bado sijalia. Nakula, nalala, nafagia ua. Koti lako liko pale pale kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulishusha.

Jana Maina alileta mawe ya kuzungushia kaburi lako, kutoka machimbo yale yale ya nje ya Nyeri ulikochonga miaka yote. Akanipa nyundo yako ndogo, ile uliyogongea mawe usikie kama yana ufa. "Si wewe ndiye umesomea mawe? Gonga basi." Sikuwa na nguvu ya kubishana na ndugu yangu.

Kazi yangu ya chuo kikuu sikuwahi kukueleza vizuri. Unatuma wimbi ndani ya kitu kigumu, unapima linavyotawanyika, halafu unatafuta kwa hesabu ufa uliojificha humo. Kwa miaka minne nimeandika uthibitisho kwamba wimbi moja, kutoka upande mmoja, linatosha kujua kama ufa upo. Pasaka uliponiuliza, nilikujibu juu juu huku nikitazama simu. Ukacheka. "Ati mara moja? Jiwe hauwezi gonga upande moja uamini. Igeuze kwanza."

Nikasema, "Baba, hii ni hesabu." Ukaendelea na chai yako.

Basi jana niliyagonga. Matatu yalikuwa sawa. La nne nililigonga kwa juu, likalia vizuri kabisa, nikamwambia Maina alichukue. Halafu, sijui kwa nini, nikaliangusha ubavu na kuligonga tena. Ikatoka sauti butu. Maina akaligusa kwa tindo, likaachana vipande viwili.

Nikaingia ndani, nikatoa karatasi zangu. Ukurasa wa thelathini na moja niligawa kwa kitu ambacho sikujiuliza kama kinaweza kuwa sifuri. Kinaweza. Wimbi likienda sambamba na ufa mwembamba, hupita kana kwamba ufa haupo. Uthibitisho wangu wote umesimama juu ya mstari huo. Ulikuwa umeniambia, tena mezani, na mimi nikakunyamazisha.

Asubuhi nimemwandikia msimamizi wangu kwamba naiondoa kazi niliyokuwa niwasilishe mwezi ujao. Nikaenda kuwapa ng'ombe majani.

Naona aibu, Baba. Hilo tu ndilo ninalolihisi kwa sasa.

Nitaanza upya, na mara hii nitatuma mawimbi kutoka pande zote. Siku watakaponiuliza wazo hili nimelitoa wapi, sitatafuta kitabu cha kutaja. Nitasema nilifundishwa na mchonga mawe, nami nikachelewa kusikia.

Pumzika sasa. Nyundo nimebaki nayo mimi.

Watu wanaokuja kutoa pole wanamwambia Mama kwamba nimejikaza, kwamba hata sauti yangu iko sawa. Wewe ungenigeuza kwanza.

Binti yako,
Nyambura