Hatua za Kitandani

Kwa dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na magoti yamekupa nafuu. Mimi, kwa rehema za Mola, naendelea vyema. Nyonga iliyounganishwa imetulia, na uji wa hapa nimeuzoea.

Muuguzi ametugawia wazee wa wodi hii simu zenye programu ya kuhesabu hatua. Alitueleza kwamba mzee akilala mno, misuli hunyauka na kifua huziba. Basi tutembee kidogo kidogo, simu mfukoni, nayo jioni hutuandikia hongera na idadi ya hatua tulizopiga. Jirani yangu wa kitanda, fundi cherehani mstaafu, ni mtu wa utani. Alitangaza kwamba mimi, sheikh, nitashindwa na cherehani, maana miguu yake imekanyaga pedali miaka arobaini.

Siku ya tatu simu yangu iliandika hatua mia tisa, yake themanini. Wodi nzima ilinipigia makofi. Muuguzi akamwambia fundi aone haya, kuachwa nyuma na mzee aliyemzidi miaka sita. Fundi alicheka, lakini kesho yake alijikaza mpaka akaanguka mlangoni. Alhamdulillahi, hakuumia. Daktari naye akaniruhusu kutoka Ijumaa, ndipo nikakupigia uje kunichukua.

Sasa, dada, nisikilize bila kunikatiza, jambo ambalo hujapata kulifanya. Sikutembea. Unakumbuka tulivyokuwa tukiyumba madrasani, mbele na nyuma, tukisoma Kurani? Hadi leo siwezi kusoma mwili ukiwa umetulia. Nilikaa kitandani nikasoma juzuu nzima, na simu ikahesabu kila myumbo kuwa hatua. Nililitambua siku ile ile, nikanyamaza, kwa kuwa sifa ni tamu. Mimi, niliyewarudi watoto wa watu kwa kosa la uongo!

Leo asubuhi nimemweleza muuguzi. Alicheka hadi machozi, kisha akaifuta hesabu yote, na daktari akaifuta Ijumaa. Nikashika fremu ya kutembelea, nikaenda hadi kitanda cha fundi kumwomba radhi. Alinisamehe, ila akaniomba nimfundishe kuyumba.

Basi usije kwanza. Niombee, na uwabusu wajukuu kwa niaba yangu. Simu imeandika hatua kumi na nne. Hizi ni zangu.

Wako mdogo, mwenye mvi na mwenye kutubu,

Mwalimu