Jivu Afungwe Hadi Krismasi Ipite

Jumamosi, 20 Desemba 1958
Nimemfunga Jivu tena. Kamba ya katani, mafundo mawili. Ya jana aliitafuna. Karani wa shamba amepita kambini akitangaza: kichaa cha mbwa kimeonekana upande wa Thika, na mbwa yeyote atakayerandaranda sikukuu hizi atapigwa risasi. Huyu wangu hajui kutulia. Binti yangu Ruth amempelekea ugali wake mwenyewe, nikamgombeza. Ana miaka sita na nadhani anampenda mbwa kuliko anavyonipenda mimi.

Jumapili, 21 Desemba
Mama mkwe amefika kutoka Butere. Mume wangu Zakayo alimpokea stesheni ya Ruiru. Kuku wawili, ndizi, mfuko wa wimbi. Wimbi wa nini? Wa uji, akasema. Alipomwona Jivu mlangoni akarudi nyuma hatua kadhaa. Kwao mbwa hulinda ng'ombe, haitwi jina wala haoshwi. Amesema nyumba yangu inanuka mbwa. Mama mkwe hajibiwi. Lakini niliudhika.

Jumanne, 23 Desemba
Bunduki imelia asubuhi, upande wa Theta. Mara mbili. Wanasema ni mbwa wa mlinzi. Jivu aliingia chini ya kitanda na kamba yake. Nilimwaga chai. Nimeongeza fundo la tatu.

Mama mkwe anashinda kwa Mama Ayuma, mwisho wa safu yetu ya nyumba. Ni watu wa kwao. Afadhali.

Alhamisi, 25 Desemba
Krismasi. Natamani ipite.

Tulirudi kanisani tukakuta kamba imekatika. Jivu alitokea nyuma ya nyumba za mwisho akipepesuka. Miguu ya nyuma haikumtii. Mate yalimtoka, macho hayakuona mtu. Akaanguka, akainuka, akaanguka. Ruth alimkimbilia kabla sijamshika. Jivu akamng'ata mkono.

Kidonda ni kidogo. Damu ilitoka.

Watu walipiga kelele, "Kichaa! Kichaa!" Zakayo alimsukuma kwa mti hadi banda la kuni, tukafunga. Hakuna aliyetaka kumkaribia, hata mimi niliyemlea kwa maziwa. Nyapara Njoroge akaja, akachungulia kwenye ufa.

"Hii mbwa imeisha," alisema. "Kesho bwana mwenye shamba atakuja na bunduki. Harafu huyu mtoto apelekwe Thika, adungwe sindano za tumbo."

Nimeosha mkono wa Ruth kwa sabuni hadi akalia. Nyama ya ng'ombe tuliyogawiwa na shamba iko kwenye sufuria, mbichi. Bandani kimya. Nasikia watu wakisimulia jinsi mtu anavyokufa kwa kichaa, na hawapunguzi sauti. Naogopa. Naogopa kuandika ninachoogopa.

Baadaye, siku hiyo hiyo
Mama mkwe aliniuliza mbwa alikuwa akitembeaje. Nikamwonyesha. Akaketi chini pale pale.

Wimbi haukuwa wa uji. Amepika pombe ya busaa kwa Mama Ayuma, ya sikukuu, kama wanavyopika nyumbani kila Krismasi. Machicha, makapi yake, aliyafukia nyuma ya nyumba jana, kwenye shimo fupi, ili nyapara asiyaone. Hakufikiria mbwa. Kwao mbwa akila machicha hulala zizini na hakuna anayeuliza.

Pombe hairuhusiwi hapa. Watu wamefukuzwa na vyombo vyao kwa debe moja. Zakayo aliposikia akasimama mlangoni. "Mama, nyamaza. Nitapoteza kazi."

"Mjukuu wangu adungwe tumbo kwa pombe yangu? Nipishe."

Akajifunga leso, akaenda kwa nyapara peke yake. Nilitaka aende na nilitaka arudi. Nilitaka vyote viwili.

Ijumaa, 26 Desemba
Bwana alikuja na bunduki. Nyapara alikuwa ameshaliona shimo limefukuliwa, alama za makucha, machicha yametapakaa. Lakini hakuna aliyefungua banda. Huenda pombe, huenda kichaa. Mwishowe nyapara akafungua mwenyewe, fimbo mkononi, akainama, akanusa mdomo wa Jivu. Nilifumba macho.

"Huyu amerewa," alisema. Nilidhani wangecheka. Hakuna aliyecheka.

Jivu alikuwa hai. Baridi, amejitapikia, lakini hai. Nilimfunika gunia, nikamsugua masikio. Bunduki ikarudi.

Chungu kimevunjwa. Mama mkwe alisema alipika peke yake, Mama Ayuma hakujua kitu. Ameambiwa aondoke shambani kesho na asirudi. Zakayo ameachwa kazini kwa onyo.

Jumapili, 28 Desemba
Nyumba ni kimya. Jana nilimsindikiza mama mkwe stesheni. Nilitaka kumshukuru na nikashindwa, nikamwambia tu gari moshi lina vumbi, afunge dirisha. Akasema nimwangalie mtoto. Mbwa hakumtaja.

Ruth anauliza bibi atakuja tena lini. Nimesema sisi ndio tutakwenda.

Sindano za Ruth zimesubirishwa; daktari wa mifugo anataka tumwangalie Jivu hadi wiki ijayo, kwa usalama. Mbwa mwenye kichaa hanywi maji, kila mtu hapa anasema hivyo. Nimemwekea maji. Nimekaa kizingitini, nikamtazama hadi alipomaliza.