Wimbo wa Kaka Umebadilishwa Maneno

Jumapili, Vudee. Ukungu haujaondoka tangu nifike na mama amewasha moto mchana kweupe. Nimepanda kwa miguu kutoka chini, nina vumbi la Same mpaka masikioni. Amenipakulia makande, yamepoa mbele yangu.

Nina hasira, na mtu ninayemkasirikia zaidi ni mimi.

Niandike kama ilivyokuwa. Ninapiga gitaa la solo kwenye bendi ya shamba la mkonge. Gitaa si langu, ni la shamba, kama zilivyo spika na hata shati ninalovaa jukwaani. Mchana niko ghalani nafunga singa, zile nyuzi za mkonge, jioni mazoezi. Tuko watano, na kwa miaka miwili tumekuwa tukipiga kitu ambacho hakuna mwingine anayekipiga huku: roki nzito. Tuliisikia kwenye santuri za fundi umeme mmoja aliyetoka Mombasa. Magitaa yananguruma kama lori linalopanda mlima kwa gia namba moja. Mara ya kwanza nilicheka. Kisha nikamwomba arudie, na akarudia mpaka sindano ikaanza kukwaruza.

Ili niipate sauti ile nilichana karatasi ya spika kwa wembe. Meneja nusura anifukuze.

Watu wanadhani mwanamuziki anaishi raha. Wazee wa kanisani hapa wanasema tunapiga muziki wa mashetani. Kule Same, vijana waliojipa kazi ya kulinda maadili walimkamata mpiga besi wetu mbele ya stendi wakamkata suruali yake ya bugaluu kwa mkasi, huku watu wakishangilia. Waliotuelewa ni wakata mkonge tu, watu wa Kigoma na Songea. Tukianza kupiga walisimama wakitikisa vichwa polepole, kama watu wanaokubaliana na jambo.

Wimbo walioupenda kuliko nyingine ni wa kaka yangu, Eliamani. Kaka alikuwa analisha korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge zibaki nyuzi. Siku moja ikamvuta mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Yeye ndiye aliyenifundisha gitaa, gitaa la mbao alilolichonga mwenyewe. Alipotoka hospitali alirudi huku mlimani akaacha kushuka. Mimi nikatunga sauti ya gitaa kwa kuiga korona inavyonguruma inapomeza. Maneno yalikuwa machache: mashine imekula mkono, nani atamrudishia? Basi.

Jana alasiri alikuja Bwana Utamaduni, ofisa wa serikali, kuchagua bendi ya kwenda Dar es Salaam kurekodi redioni. Nilikuwa nimempelekea kaka salamu, nikimwomba ashuke. Nilitaka ausikie wimbo wake kwenye spika kubwa kabla nchi nzima haijausikia. Akashuka. Alikaa benchi la mbele, shati jeupe, mkono mtupu wa shati ameukunja na kuubana kwa pini.

Tukiwa tayari jukwaani, Hamisi, mwimbaji wetu, rafiki yangu tangu siku ya kwanza kazini, akaninong'oneza: "Maneno nimeyabadilisha kidogo. Meneja kasema yale ya zamani hayawezi kupita. We piga tu."

Sikuuliza amebadilisha nini. Niliogopa kuambiwa.

Nikapiga. Korona ikanguruma ukumbini, wakata mkonge wakainuka. Hamisi akaimba: mashine yetu yaimba, mkono kwa mkono tujenge taifa.

Mkono kwa mkono.

Kaka hakumtazama Hamisi. Alinitazama mimi. Akavumilia mpaka ubeti wa pili, kisha akainuka, akapita katikati ya watu, akatoka.

Na mimi nikaendelea kupiga. Hilo nataka liandikwe hapa bila kupambwa. Hakuna aliyenishika. Nilimwona kaka akivuka mlango, nikaingia kwenye solo, na ilikuwa solo nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Bwana Utamaduni akapanda jukwaani kutushika mikono. "Ndugu zangu, huu ndio muziki wa taifa linalojitegemea," alisema. "Nywele tu mkazikate."

Tumechaguliwa. Lori la shamba linaondoka kesho asubuhi. Hamisi alinikumbatia akilia. "Tungefia humu humu kwenye mkonge, hulijui hilo?" Nalijua. Ndiyo maana hata kumchukia nashindwa kumchukia vizuri.

Leo nimetoka kabla jua halijachomoza. Kaka nimemkuta shambani, anapalilia maharage kwa jembe la mpini mfupi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Nikaanza kueleza. Meneja kasema hivi, Hamisi kafanya vile, mimi sikujua. Hakuacha kupalilia. Nilipoishiwa maneno akaegemeza jembe kwenye goti.

"Hamisi ana mdomo wake," akasema. "Mikono ilikuwa yako. Tena yote miwili. Ungeinyanyua tu."

"Angalau ile sauti itafika redioni, kaka."

"Itafika. Na watu wataicheza."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nimekaa jikoni kwa mama tangu saa hiyo. Mpiga rithimu wetu anaijua sehemu yangu yote, nilimfundisha mwenyewe. Nisipokwenda, wataondoka na wimbo utarekodiwa vilevile. Hakuna nitakachozuia. Nitakachopoteza ni gitaa, na kazi ya ghalani, na watu pekee ambao nikiwa nao sihitaji kueleza kwa nini napenda kelele.

Hata hivyo sitakwenda. Kesho nitakuwa hapa lori likivuka Same.

Ningependa kuandika kwamba nimeamua hivyo kwa ajili yake. Lakini hapa sidanganyi: kama kaka angetamka neno moja tu, nenda, sasa hivi ningekuwa nimeshafika nusu ya mteremko.