Kibuyu Nilichokipokea

Goma, siku ya posho, 1956

Sasa hacheki tena, yule muchuruzi wa Kalengera anayeuza ng'ombe, aliyepanga chumba changu cha mbele. Siku aliyofika nilimwambia: kunywa pombe chumbani na watu wa inje, hapana. Watoto wangu wanalala nyuma ya ukuta uleule. Akacheka.

Leo magaribi akaingia na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, nyuma yake marafiki wa sokoni. Niliogopa. Nikimufukuza, atawaambia wachuruzi wote wa Rutshuru kama mimi ni mama mubaya, na chumba kitabaki bure. Tangu mume wangu afe, chumba kile ndicho kinatulisha.

Akaninyooshea kibuyu. "Mama, hii pombe ni yako."

Ni heshima tu. Kila mugeni anasema vile, mwenye nyumba anashukuru bila kuipokea, mugeni anaendelea nayo.

Mimi nikakipokea. "Aksanti, Papa."

Uso wake ukabadilika. Pombe ikishapokelewa, mwenye nyumba ndiye anaigawa, na hilo kwetu hakuna mutu analibisha. Nikawakalisha wote kwenye barza, nikaonja, nikawapitishia murija, kila mutu mara moja. Kisha nikafunga kibuyu, nikakiingiza jikoni. Marafiki wakaaga kwa adabu, yeye akabaki kwenye barza.

Sasa hivi amefika mugeni mwingine, naye na kibuyu. Kabla sijafungua mulango, nikamusikia wa Kalengera akimunong'oneza:

"Ndugu, nywea hapahapa inje. Ukiingia nayo utasema ni ya Mama, na huyu Mama anapokea."