Aliyofundishwa Mwali

Mafiga, 4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kidonda cha upasuaji kinakauka. Mwanangu Neema hajambo huko kwako?

Barua hii nimempa Gervas wa lori la kabichi, maana simu yako husikilizwa na ukoo mzima. Uvimbe walioniondolea umekutwa na saratani. Daktari anasema zamani haukuwa saratani. Ilikuwa nyama ya ndani ya mfuko wa uzazi iliyoota pasipo mahali pake, ndiyo ikiniumiza kila mwezi. Miaka ilivyokwenda vinasaba vyake vikabadilika, kimoja baada ya kingine, hadi ikageuka. Wengi wenye maumivu haya hawafiki huko. Mimi nimefika. Anauliza kama upande wako kuna mwanamke aliyeumwa hivi.

Mwanao, Agnes

Mgeta, 11 Machi 2024

Mwanangu Agnes,

Pole sana. Sisi wazima, Neema hajambo, ila mvua inaozesha karoti. Barua yako niliisomea shambani, nikakaa chini kwenye tope.

Upande wetu hakuna aliyeumwa hivyo. Mwambie daktari. Nakuombea kila jioni.

Mama yako, Eufrazia

Mafiga, 2 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Dawa za dripu zimenimaliza nywele, lakini uji unapita.

Mama, nitasema ingawa inaniuma. Nilipowekwa ndani, mwali, ulinifundisha kuwa mambo ya damu hayasemwi, hata kwa mume. Nikashika. Miaka ishirini na mbili nimeng'ata kanga, mkiniita hodari. Juzi Neema alinipigia kwa simu ya mwalimu, analia. Kila mwezi anakosa shule siku tatu, nawe unamwambia avumilie. Mlete hospitali. Sitaki kingine kwako.

Mwanao, Agnes

Mgeta, 20 Mei 2024

Mwanangu Agnes,

U hali gani? Kwanza nilikasirika, kisha nikaona aibu, ndiyo maana nimechelewa.

Jumapili niliwaita wadogo zangu wa kike, nikamwambia Neema aseme mbele yetu. Akasema yote. Wadogo zangu wakanitazama mimi, maana wote na mabinti zao niliwafundisha mimi. Alhamisi tunashuka na lori la Gervas.

Hivyo vinasaba sivijui, lakini mwambie daktari afute nilichosema. Niliumwa hivyo tangu usichana, na mama yangu kabla yangu. Kwangu damu ilikwishakoma miaka tisa iliyopita. Tangu Kwaresima imerudi, na hadi leo sijamwambia mtu.

Basi mwambie tunakuja wagonjwa wawili.

Mama yako, Eufrazia