Mama, "Mkwe" Hayumo Kwenye Tangazo Lako

"Hayumo! Nimesema hayumo!"

"Mwanangu, yule ndiye aliyeshika nafasi ya mama yako hospitalini. Watu watatuonaje?"

"Watuone wanavyotaka, Baba!"

Mama, mwaka umezunguka tangu ututoke, na tangazo lako la kumbukumbu tunaliandika kwa kugombana.

Ulikuwa daktari, lakini roho yako ilikuwa kwa madaktari wanaosomea ubingwa. Uliwafundisha kufundisha. Mmoja akiwafundisha wanafunzi kando ya kitanda cha mgonjwa, wewe unasimama nyuma, kimya, miwani imeshuka puani. Kisha wote chumba cha chai. Aliyefundisha anaanza kujisema mwenyewe. Wanafunzi wanamsema, usoni. Wewe wa mwisho, na hukuwa na "vizuri" tupu. "Umemuuliza swali, halafu ukalijibu mwenyewe. Kesho ungoje." Basi, unammiminia chai.

Mimi niliikimbia shule mapema. Mwalimu anayekubali kusemwa hivyo ningemvumilia.

Sasa huyo tunayegombania jina lake, mwanafunzi wako tuliyemtania "Mkwe" kwa kutobanduka kwetu Jumapili, ndiye mkubwa wa wodi yako. Kikao cha chai amekifuta, eti kinapoteza muda. Juzi kati kamwambia kitinda mimba wako, anayejifunza udaktari wodini humo, mbele ya mgonjwa, "Mama yako angekuonea aibu." Mtoto akatundika koti jeupe nyuma ya mlango, akasema udaktari basi.

Jana bwana mkubwa huyo kaja na shada na hotuba ya kukusifu. Hata hajaifungua, kitinda mimba katoka chumbani, koti mwilini.

"Daktari, kwa Mama aliyefundisha alianza kujisema. Karibu."

"Nimekuja kumkumbuka mama yako, si kuhojiwa na mtoto."

"Si ndiyo kumkumbuka huko?" nikamrukia. "Jiseme!"

Akamtazama Baba amwokoe. Baba, unavyomjua upole wake, akamvutia kiti. "Kaa, mwanangu. Tunakusikiliza."

Hakukaa. Shada kaliacha kwenye kiti, akaondoka, na Baba mwenyewe akachukua kalamu akamkata jina kwenye tangazo.

Tunaokukumbuka ni mumeo, dada yako mkubwa, mimi kichwa ngumu wako, na kitinda mimba wako, ambaye asubuhi hii hakungoja hata nimalize.

"Mwisho niandike nini?" nikamuuliza.

"Andika hatujamsahau, na hatutamsahau. Nachelewa wodini."

Akafunga vifungo vya koti, akageuka, akaenda zake.