Posa Iliyosubiri Florida

Jumanne, 7 Novemba 2000

Nimepiga pasi koti la maabara, nikalichoma tena kola. Akili haipo. Posa ya Nassor ina wiki tatu na Baba hajajibu. Kila nikimpelekea chai namkuta mbele ya televisheni, anafuata uchaguzi wa Marekani kama yeye ndiye mgombea. Kinachomzuia nakijua, ingawa hakitaji. Sisi wa Unguja, wao wa Tabora. Babu zetu wote walitoka huku huku Oman, lakini kwa Baba Tabora ni porini.

Jana barazani, mbele ya watu, kamwahidi Mzee Khalfan, baba yake Nassor: makamu wa rais akishindwa na mpinzani wake, gavana, jibu la posa ni ndiyo. Ana hakika makamu atashinda. Watu wamecheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 8 Novemba

Siku ya vituko! Nina zamu ya jioni, nimeshinda nyumbani. Alfajiri televisheni ilimpa makamu Florida. Baba akaagiza chai ya pili. Baadaye televisheni ikamnyang'anya makamu hiyo Florida. Saa tano na ushei ikamtangaza gavana mshindi, na makamu akampigia simu kumpongeza.

Baba akainuka. Akavaa kofia, maana hapigi simu ya maana kichwa wazi, akampigia Mzee Khalfan: "Nshasema, na neno langu ni neno. Jibu la heri." Mama akapiga kigelegele. Nimeruka juu ya kitanda, mtu mzima wa miaka ishirini na saba.

Mchana tunakula, tunasikia makamu kaghairi. Kapiga simu ya pili kuifuta ya kwanza! Kura za Florida zitahesabiwa upya. Baba kaacha wali. Kofia tena, simu tena. Naye kaghairi. Sauti ya Mzee Khalfan ilisikika mpaka jikoni: "Halwa ishaliwa, bwana! Gereji yangu nzima huku Ghala ishakula!"

Nina hasira. Nimecheka pia.

Alhamisi, 9 Novemba

Hakuna mshindi. Sina mchumba.

Jumamosi, 18 Novemba

Kazini nahesabu chembe za damu kwa darubini. Nahesabu, narudia mara moja kuhakikisha, basi. Wenzetu wa Florida wanainua karatasi za kura kwenye taa, macho yamewatoka, wanatafuta matundu. Huko mpiga kura hutoboa karatasi penye jina, na vipande vingine havikutoboka sawasawa, vinaning'inia.

Jioni nimemfuma Baba kaishika picha ya Nassor vivyo hivyo, juu kwenye taa. Mama kamuuliza kama tundu kaliona. Baba kacheka mpaka kakohoa.

Mzee Khalfan hapigi simu. Anapita hapa Ansab makusudi, anapiga honi mbele ya nyumba, anakwenda zake.

Alhamisi, 30 Novemba

Ramadhani imeingia. Florida imemtangaza gavana, makamu kakimbilia mahakamani. Baba naye anasubiri mahakama. Leo nimechoka kweli. Nimemwambia Mama: kura za watu wa mbali zinahesabiwa usiku na mchana, yangu mimi nani kaihesabu? Kanitazama.

Nassor kaleta sambusa za mama yake kwa futari, kaziacha mlangoni. Baba kala saba.

Jumatano, 13 Desemba

Mahakama ya juu ya Marekani imesimamisha hesabu. Makamu bado hajakubali kushindwa. Kofia ya Baba iko kwenye msumari. Mchana nimewasikia yeye na Mama wakinong'ona chumbani, muda mrefu.

Alhamisi, 14 Desemba

Baada ya sala ya alfajiri Baba kafungua televisheni. Makamu katokea, kakubali kushindwa. Hakununa. Kasema kampigia mwenzake kumpongeza, na kamwahidi kwamba safari hii hatampigia tena. Baba kacheka peke yake, kisha kazima.

Nilidhani atakwenda kuchukua kofia. Hakuinuka.

"Njoo ukae, mwanangu. Ya Wamarekani yashakwisha. Wewe wamtaka?"

Nilikuwa na hotuba ya wiki tano. Nimesema tu, "Namtaka, Baba."

"Ilikuwa nkuulize wewe kwanza." Halafu kaomba kofia yake. Nimeitungua mimi, nikampa.

Mzee Khalfan kapokea mlio wa kwanza. Baba kamwambia, "Jibu la heri," na hawakuzungumza sana. Baba karudi kulala.

Nimepiga pasi koti la Jumamosi, siku ya kurudi kazini. Kola imenyooka.